Hoja Hujengwa Hatua kwa Hatua

Habari hutueleza lililotokea, lakini makala ya maoni hututaka tukubali jambo. Kwa hiyo yafaa mzazi amzoeze mwanawe kuuliza si tu mwandishi anasema nini, bali pia amemfikishaje msomaji hapo alipomfikisha. Leo tujifunze kwa maandishi yaliyozaliwa hapa hapa Arusha.

Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana mjini hapa tarehe 26 hadi 29 Januari, 1967, na Azimio la Arusha likatangazwa tarehe 5 Februari. Wengi hukumbuka mabenki yaliyotaifishwa. Hata hivyo sehemu yake ya tatu, ihusuyo siasa ya kujitegemea, ni insha kamili. Inataka kutushawishi kwamba fedha si msingi wa maendeleo. Na hiyo ilikuwa hoja ngumu, maana kila aliyetaka shule au kisima aliamini kuwa kilichokosekana ni fedha tu.

Kwanza, insha hiyo inaanza na vita: tunapigana na umaskini na unyonge. Msomaji akishakubali kwamba yumo vitani, swali lililobaki ni la silaha. Na nani atamshauri maskini ategemee silaha asiyokuwa nayo?

Pili, inafunga milango mmoja baada ya mwingine. Kodi hazitoshi, kwa kuwa wananchi ni maskini. Misaada, mikopo na mitaji ya wageni nayo haitoshi. Na hata ingetosha, kuitegemea kungehatarisha uhuru wetu. Anayeipinga sababu ya kwanza anakutana na ya pili ikimngoja.

Tatu, inatumia mfano ulio wazi. Hata ndani ya nchi tajiri, wenye mali hutozwa kodi kwa sheria ndipo maskini wasaidiwe. Duniani hakuna serikali ya kuyatoza kodi mataifa tajiri.

Nne, inawageukia watu wa upande wake yenyewe. Inawakumbusha watu wa mjini kwamba mikopo ya nje huwanufaisha wao zaidi, ilhali hulipwa kwa mazao ya mkulima. Mkazi wa Arusha hana haja ya kwenda mbali kuupima ukweli huo: lami iko mjini, kahawa iko kwenye miteremko ya Meru. Inawakaripia pia wanaume wa vijijini wanaowaachia wake zao kazi. Mwandishi anayewakosoa walio wake huaminika kuliko anayewalaumu wageni peke yao.

Je, jengo hili halina ufa? Insha inasema fedha ni matunda ya kazi, kisha inahimiza plau, mbolea na dawa za wadudu. Lakini vitu hivyo hununuliwa. Mkulima wa Arumeru mwenye kishamba cha migomba na kahawa ana haki ya kuuliza fedha ya kwanza itoke wapi. Tena, katika mambo manne yanayotajwa kuwa ya lazima, yaani watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora, mawili ya mwisho hayamo mikononi mwa mkulima peke yake. Masharti ya uongozi yaliyowekwa na Azimio hilo yalikuja kulegezwa Zanzibar mwaka 1991.

Kuuona ufa si kuibomoa nyumba. Anayekubali kila kitu hajasoma, na anayekataa kila kitu naye hajasoma. Basi Jumapili hii, baada ya chakula, chagueni makala moja ya maoni, mtoto aisome kwa sauti, kisha muulizane: Imeanzia wapi? Imefunga milango gani? Imetoa mfano gani? Nani ataumia tukiikubali? Mtoto aliyezoea maswali hayo hatadanganywa kwa urahisi, hata na sisi tuandikao magazetini.