Wanaoishi ndani ya magari nao wafikiriwe

Natoa maoni yangu juu ya watu wanaoishi ndani ya magari. Najua wapo watakaocheka, wakidhani mwalimu wa kijijini amekosa la kuandika. Nawaomba wasome hadi mwisho.

Sisi wa Nyarero, wilayani Tarime, tuko kati ya mpaka wa Sirari, ambako magari huingia kutoka Kenya, na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Kwa hiyo si ajabu kwetu kuona gari la mgeni ambalo kwa nje ni gari la mizigo tu, lakini ndani ni nyumba kamili. Kuna kitanda, jiko, kabati, tangi la maji na taa za sola. Wenyewe hukaa humo miezi na hata miaka. Mjerumani mmoja, Gunther Holtorf, alianza safari za namna hiyo barani Afrika mwaka 1989 kwa gari aina ya Mercedes, akaendelea kuzunguka dunia hadi mwaka 2014. Kwa miaka mingi yeye na mwenzake Christine walilala humo humo garini. Gari lile lilikwenda karibu kilometa 900,000, na likawekwa katika makumbusho ya Mercedes-Benz mjini Stuttgart.

Mwanafunzi wangu wa darasa la tano aliliona gari moja la aina hiyo akaniuliza, "Mwalimu, hawa hawana kwao?" Nilimjibu kwamba wana kwao, ila wamependa kuishi hivyo. Lakini swali hilo linatuhusu sisi zaidi kuliko wageni. Wapo Watanzania wengi wanaoishi ndani ya magari bila kupenda, nasi hatuwahesabu.

Watazame wafanyabiashara wa minada na magulio. Leo wako hapa, kesho kutwa wako kwingine, na wiki huisha hawajalala kitandani kwao. Mwenye Hiace au Canter hulala juu ya marobota ya mitumba, kwa sababu akienda nyumba ya wageni hana wa kumlindia mali. Watazame pia madereva wa malori na utingo wao. Mwezi Mei 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Kenya ilipofunga mpaka wake na Tanzania isipokuwa kwa mizigo, madereva walikwama kwenye foleni mipakani wakisubiri kupimwa. Kabini ya lori ikawa chumba, jiko na sebule. Foleni zile zilikwisha, lakini watu wa kulala garini bado wapo.

Tofauti ya mgeni na ndugu yetu si kwamba mmoja analala garini na mwingine halali. Tofauti ni kwamba gari la mgeni limetengenezwa likalika, na la ndugu yetu halikutengenezwa. Hapo ndipo penye hatari.

Kwetu Tarime ni nyanda za juu, na usiku wa Juni na Julai una baridi kali. Mtu akifunga vioo na mlango, kisha akaingiza jiko la mkaa ili apate joto, anajiandalia kifo. Mkaa unapoungua hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Hewa hiyo haina rangi wala harufu, kwa hiyo aliyelala haamki kuikimbia. Hata makaa yaliyofunikwa majivu bado huitoa. Gesi ya mtungi nayo ina hatari yake. Ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama sakafuni ikingoja cheche. Ndiyo maana mafundi wanaojua kazi huweka tundu la hewa chini, karibu na mtungi, na jingine juu, tena mtungi hufungwa imara ukiwa umesimama. Matundu mawili tu yanaweza kuokoa maisha ya mtu, na gharama yake si ya kututisha.

Mengine ni hesabu ambazo hata watoto wa shule ya msingi wanaziweza. Lita moja ya maji ni kilo moja. Mwenye gari la tani moja akiweka tangi la lita 100, amekwisha kula kilo 100 kabla ya kupakia kitanda, mbao na bidhaa zake. Akisahau hesabu hiyo, matairi na breki zitamkumbusha barabarani. Kioo cha sola cha wati 100, kikipata jua kali kwa saa tano, hutoa kama wati 500 za saa moja. Taa ya wati 10 ikiwaka saa tano hutumia 50 tu. Lakini pasi ya wati 1,000 itamaliza zote kwa nusu saa. Kwa hiyo mwenye nyumba ya garini awe na taa, redio na cha kuchajia simu, na pasi aiache nyumbani.

Je, kazi hii inahitaji fundi kutoka Ulaya? Hata kidogo. Mafundi wa Arusha kwa miaka mingi wamekuwa wakikata Land Cruiser, wakirefusha chesisi yake, wakiongeza viti na kutengeneza paa la kuinuka ili mtalii aone wanyama. Mwenye kuweza hayo hashindwi kutengeneza kitanda cha kukunja, sanduku la mali lenye kufuli chini yake, na dirisha la kupitisha hewa. Seremala, mchomeleaji na fundi umeme wapo Tarime mjini, wapo Mugumu, na wengine wapo hata vijijini. Kinachokosekana ni kuwakutanisha.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba hapa kwetu mtu mwenye heshima ni yule mwenye mji wake na zizi lake, na kwamba kulala garini ni uzururaji. Nami naheshimu mji na zizi. Lakini mfanyabiashara huyo ana mji wake, na anazunguka ili mji huo ule na watoto wasome. Kumwacha alale vibaya hakumrudishi nyumbani mapema.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, halmashauri zetu hukusanya ushuru katika minada na magulio. Sehemu ya ushuru huo itumike kutenga uwanja wa kulaza magari, wenye choo, maji, taa na mlinzi. Anayelipa ushuru mchana asijisaidie vichakani usiku. Uwanja huo huo utawafaa wageni wanaopita kwenda Serengeti, nao watalipa, watanunua ndizi na mboga za akina mama wetu, na watatafuta fundi wa kuwarekebishia magari.

Pili, vyuo vya VETA na shirika la SIDO, ambalo limekuwa likihudumia viwanda vidogo tangu mwaka 1973, vibuni mfano mmoja rahisi wa gari la mfanyabiashara lenye mahali salama pa kulala, na vijana wafundishwe kulitengeneza. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitufundisha Elimu ya Kujitegemea, na sera ya elimu ya toleo la mwaka 2023 imeupa mkondo wa amali nafasi yake katika shule za sekondari. Basi amali hiyo iguse haja za watu walio mbele yetu, isiishie kwenye kutengeneza viti vya maonyesho.

Tatu, wenye magari wasibadilishe bodi kienyeji. Gari likibadilishwa umbo, mwenyewe awaone wahusika wa usajili na wakaguzi wa usalama barabarani kabla ya kuliingiza njiani. Nao wahusika wampe maelekezo mwananchi anayekuja kwa hiari yake, wasimsumbue. Akisumbuliwa leo, kesho atajificha, na gari bovu litaendelea kutembea.

Ndugu Mhariri, wageni wanapita na nyumba zao nasi tunazishangaa. Kushangaa si vibaya, lakini tuchukue na ujuzi. Yule anayelala juu ya marobota mnadani ndiye anayetuletea nguo, sufuria na madaftari ya watoto wetu. Apatiwe tundu la hewa, choo na maji.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Nyarero, Tarime,
Mara.