Kabla ya Kupunguza Tumbo kwa Kisu

Tangu Hospitali ya Taifa Muhimbili-Mloganzila ianze upasuaji wa urembo mwaka 2023, mama wa Ruvu hana sababu ya kuwazia safari ya matibabu India. Mloganzila ni jirani wa Kibaha, nauli yake ni ya daladala. Ni neema, lakini ukaribu usimharakishe mtu.

Upasuaji wa kupunguza tumbo si dawa ya unene. Hukata ngozi iliyolegea na kushona misuli iliyoachana kwa sababu ya uzazi, na huacha kovu refu chini ya kitovu, nyonga hadi nyonga. Anayetarajia kuzaa tena asubiri. Mvuta sigara aache wiki kadhaa kabla, maana kidonda chake hupona kwa shida. Hatari nyingine ya upasuaji ni damu kuganda mguuni na kupanda mapafuni, jambo linaloweza kuua.

Kisha kuna wiki sita hivi za kutobeba kizito. Kwa mama wa Kisarawe kizito hicho ni ndoo ya maji, mzigo wa kuni na mtoto mgongoni. Mume na ndugu wazikubali kazi hizo kwanza.

Muulize daktari usajili wake, ubingwa wake, na nani atakupokea usiku mambo yakiharibika. Asiyejibu, usimpe tumbo lako.