Ukitaka kumuenzi mzee, usimwige

Bendi nyingi za vijana hapa Nax zina tabia moja. Zikitaka kumuenzi mwanamuziki wa zamani, zinapiga ngoma zake vilevile zilivyo, hadi pale mzee alipovuta pumzi. Watu wanashangilia, wanaitisha nyingine, wanaenda nyumbani. Sawa. Lakini nikitaka sauti ya mzee mwenyewe, si nitamtafuta YouTube?

Kumuenzi mtu ni kazi nyingine kabisa, na mfano mzuri uko karibu. Shika barabara ya Kericho, pita Litein, utafika Kapkatet. Mwaka 1950 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, aliwarekodi huko wasichana wa Kipsigis wakiimba Chemirocha. Hilo ni jina la Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani aliyefariki 1933, lilivyotamkwa na Wakipsigis. Santuri zake zilikuwa zimefika huku pamoja na Wazungu. Wasichana hawakujaribu kuimba kama yeye. Walimwimba kwa lugha yao, kwa nyuzi za chepkong'o, jamaa ya nyatiti, wakamfanya kiumbe nusu mtu nusu swara. Zaidi ya miaka 70 imepita na wimbo huo bado unasikilizwa.

Wasee wa roki nao walishafanya hivyo. Mwaka 1973 Carlos Santana na John McLaughlin walitoa Love Devotion Surrender, albamu ya kumuenzi John Coltrane, gwiji wa saksafoni aliyeivunja jazi na kuijenga upya kabla ya kufariki 1967. Hawakumwiga. Walichukua tungo zake, ikiwemo A Love Supreme, wakazipitisha kwenye gita za umeme.

Sasa nani atamfanyia hivyo Kipchamba arap Tapotuk? Mzee huyu na Koilong'et Band yake waliipa benga ya Kikalenjin sura, naye akafariki 2007. Nyinyi mnaofanya mazoezi ya roki Section 58 na Free Area, chukueni ngoma zake nane. Ongezeni kelele, badilisheni mwendo, acheni gita lipige yowe. Kuna wazee watakaosema mmeharibu. Waacheni waseme. Heri wimbo unaobishaniwa kuliko wimbo uliosahauliwa.

Ila msiruke deni. Rekodi za Tracey zilihifadhiwa Afrika Kusini, na watu wa Kapkatet wakangoja zaidi ya miaka 60 kabla ya maktaba ya ILAM na Ketebul Music ya Nairobi kuwarudishia. Wengine walioimba hawakuishi kuona siku hiyo. Wimbo ulisafiri dunia nzima, wenyewe wakabaki nyuma. Hilo lisijirudie mikononi mwetu.

Sheria ya Kenya inalinda utunzi kwa miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Kwa hiyo, kabla ya kuingia studio, tafuteni familia. Kaeni nao, nyweni mursik, ombeni ruhusa, andikianeni mgao wa pesa. Jina la mtunzi liwe kwenye jalada, si kwenye maelezo ambayo hakuna anayeyasoma.

Mkifanya hivyo, mimi nitanunua ya kwanza. Mkileta nakala nyingine, nitabaki na YouTube yangu.