UCHAMBUZI: Kuta za Paneli, Kati ya Uimara na Kelele za Jirani

Ujenzi wa nyumba kwa paneli za polistirini si jambo geni tena nchini. Shirika la Kitaifa la Nyumba (NHC) lina kiwanda cha paneli hizo huko Mavoko, Kaunti ya Machakos. Hata hivyo, wananchi wengi bado wanauliza: je, ukuta huo ni imara, na je, unazuia kelele?

Haya ni maswali mawili tofauti. Anayegonga ukuta na kusikia mlio mtupu huhitimisha kuwa ni dhaifu, ilhali mlio si kipimo cha uimara. Polistirini yenyewe haibebi uzito wa nyumba. Mzigo hubebwa na tabaka mbili za saruji, kwa kawaida zenye unene wa takriban milimita 35 kila moja, zinazopulizwa juu ya wavu wa chuma na kushikanishwa kwa nyaya zinazopenya katikati. Hatari hutokea mkandarasi anapopunguza unene huo, anapokosa kuongeza wavu kwenye pembe na madirisha, au anapoacha kuumwagilia ukuta maji hadi ukomae.

Kuhusu kelele, shaka ya wananchi ina msingi. Ukuta mzito huzuia sauti zaidi. Uzito ukiongezeka maradufu, kinga huongezeka kwa takriban desibeli 6. Tabaka hizo mbili zina uzito wa kilo 160 hivi kwa kila mita mraba, chini ya nusu ya ukuta wa mawe wa milimita 200. Polistirini, ijapokuwa huzuia joto vyema, ni nyepesi mno kuweza kuzuia sauti.

Suluhisho lipo, mradi lipangwe mapema. Ukuta unaotenganisha familia mbili uongezewe saruji, au zijengwe kuta mbili zenye nafasi kati yake. Soketi zisielekeane, na mianya ya mabomba izibwe kabisa.

Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za mwaka 2024, zilizochukua nafasi ya zile za 1968, zimefungua ukurasa mpya katika sekta hii. Lakini kanuni hazitoshi bila ukaguzi. Mwenye nyumba anashauriwa kumwita mhandisi aliyesajiliwa kabla ya saruji kupulizwa na unene wake unapopimwa, kwani baada ya rangi kupakwa, kasoro hizo hazionekani tena.