Msalimu Mzee Akiwa Amesimama

Tumezoea kuwaambia watoto: asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini vijijini mara nyingi ni mkuu mwenyewe anayevunjika guu. Bibi anateleza kisimani. Babu anajikwaa kizingitini. Sisi tunasema, "Ni uzee tu." Wengine wananong'ona kwamba amerogwa.

Mimi sikubali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka. Wenye umri wa zaidi ya miaka 60 ndio wanaokufa zaidi. Kuanguka huko kuna sababu, na sababu moja iko ndani ya ubongo.

Kusimama wima ni kazi. Macho huuambia ubongo njia ilivyo. Sehemu ya ndani ya sikio huuambia kama kichwa kimeinama. Nyayo huuambia kama ardhi ni ngumu au inateleza. Ubongo hukusanya habari zote hizo, kisha huiamuru miguu. Ubongo wa kijana hufanya hivyo haraka, naye hana habari.

Mtu akizeeka, ubongo hupungua kidogo. Habari hupita polepole. Mishipa midogo ya damu ndani yake huweza kuharibika, hasa kwa mtu mwenye shinikizo la damu. Basi mzee akijikwaa, amri ya kuokoa mguu huchelewa. Kuchelewa kidogo tu kunatosha kumwangusha.

Tena, mzee anahitaji mawazo yake ili atembee. Ukimpa kazi ya pili, mawazo hugawanyika. Mwaka 1997 wataalamu wa Sweden walieleza habari za wazee 58. Walitembea nao huku wakizungumza nao. Wazee 12 walisimama mazungumzo yalipoanza. Katika miezi 6 iliyofuata, 10 kati ya hao 12 walianguka.

Sasa tutazame desturi yetu. Bibi anatoka kisimani na ndoo kichwani. Njia ina mawe. Vijana wanapita wakisema, "Shikamoo, bibi!" Inambidi aitikie, "Marahaba," awatambue, aulize habari za nyumbani. Tumempa heshima, lakini pia tumemwongezea mzigo.

Sisemi tuache shikamoo. Mtoto asiyeamkia wazee hana adabu. Nasema tusimame sisi kwanza, tumngoje naye asimame, ndipo tumsalimu. Tumpokee ndoo. Tusimwite kwa nyuma. Tusimharakishe. Na mzee asione haya kusema, "Ngojeni, wajukuu zangu, nivuke kwanza."

Wengine watasema, "Basi mzee akae kitandani, asifanye kazi." Hilo ni kosa. Anayekaa tu hupoteza nguvu za miguu, na kesho ataanguka upesi zaidi. Utafiti wa nchi nyingi umeonyesha kwamba mazoezi hupunguza kuanguka kwa karibu robo. Mazoezi hayo hayana gharama. Mzee atembee kila siku. Ainuke kitini na kuketi mara kadhaa. Ajizoeze kusimama kwa mguu mmoja, akiwa ameshika ukuta, na mtu awe karibu.

Nyumbani tuondoe majembe na kuni mlangoni. Usiku mzee awe na taa karibu, kwa maana gizani macho hayawezi kuusaidia ubongo. Akianguka mara kwa mara, tumpeleke zahanati. Apimwe shinikizo la damu na macho. Aonyeshe dawa anazotumia, kwa sababu dawa nyingine huleta kizunguzungu au usingizi.

Wazee hawa walitushika mkono tulipojifunza kutembea. Hawakutuharakisha. Nasi tuwangoje.

Maswali ya kuzungumza darasani
1. Kwa nini mzee hupata shida kutembea na kuzungumza pamoja?
2. Je, mwandishi anasema kweli kuhusu salamu njiani? Toeni maoni yenu.
3. Leo mtaondoa nini nyumbani kinachoweza kumwangusha mzee?