Hebu tuanzie mstari wa juu
Barazani Ole, na Bimkubwa Shaame Faki

Ole, karafuu zikishachumwa, kazi ya mchana inakwisha na ya usiku inaanza. Jamvi linatandikwa ukumbini, taa inawekwa katikati, wanawake watano sita wanakunja miguu. Unashika shada, unalibonyeza kwenye kiganja, karafuu zinaangukia huku na makonyo unayatupa kule. Mkono ukishazoea huhitaji hata kutazama, ndiyo maana macho yanapata nafasi ya kuona mengine. Msimu huu niliona kidole cha jirani yangu. Kimevimba, hakikunjiki, naye anachambua kwa vidole vilivyobaki.

Ni mama wa kutoka bara, Mkristo, mume wake ni fundi wa nyumba. Wamepanga nyuma ya kwetu. Mama yangu akamuuliza kimemfika nini. Akasema ameanguka.

"Mwanangu," mama akamwambia, "mtu akianguka havunjiki kidole kimoja."

Wenzetu walipokwisha kuondoka ndipo aliposema. Alikuwa amempigia simu mchungaji wake wa huko kwao. Mchungaji akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia afungue Waraka wa Kwanza wa Petro, sura ya 3, asome palipoandikwa wake wawatii waume zao, maana mume mgumu huvutwa na mwenendo wa mkewe bila maneno. Akamwombea, akakata simu. "Nimenyamaza miaka minne, dada," akaniambia. "Sijui sasa ninyamaze vipi."

Mimi ni Mwislamu. Biblia si kitabu nilicholelewa nacho, na sitaki kumfundisha Mkristo dini yake. Lakini nilimwomba akailete, tukaisoma pamoja chini ya taa ileile, na neno la kwanza tu la sura hiyo likanisimamisha. Inaanza na "kadhalika". Msemaji wa Kiswahili hafungui mazungumzo kwa kadhalika. Ukimsikia mtu anaanza hivyo, unajua pana jambo limetangulia na wewe umechelewa kufika. Basi tukapanda juu. Sura ya 2, mstari wa 18: watumishi wanaambiwa wawatii mabwana zao, si walio wema tu, hata walio wakali. Biblia ya Kiswahili inasema watumishi, lakini watumishi wa nyumbani wa zama hizo walikuwa watumwa. Petro anaendelea na habari ya wapigwao bila kosa, kisha ndipo anapofika kwa wake, na kadhalika yake. Kugawanywa kwa Biblia katika sura tunazozijua ni kazi ya karne ya 13, na inanasibishwa na Stephen Langton, Askofu Mkuu wa Canterbury. Mgawanyo huo umeweka ukuta kati ya mtumwa na mke, hata mchungaji akaweza kumfungulia mwanamke mlango mmoja bila kumwonyesha chumba cha pili.

Tulikuwa tukiyasoma hayo Pemba, na huku karafuu na utumwa si habari za kitabuni. Kimbunga cha 1872 kilipong'oa mikarafuu ya Unguja, kisiwa hiki ndicho kilichobeba zao hilo, na waliolibeba mabegani walikuwa watumwa. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed, Waingereza wakiwa nyuma yake, akatoa amri ya kuuondolea utumwa nguvu ya sheria. Mwaka huohuo Wakristo wa Kikweka walifungua misheni yao Banani, hapa Pemba, kwa ajili ya walioachwa huru.

Amri ile ilimbagua mtu mmoja. Suria hakuachwa huru. Iliandikwa kwamba masuria wahesabiwe kama wake, wabaki walipo, isipokuwa atakayethibitisha kwamba anatendewa ukatili. Maafisa wa Kiingereza, Wakristo wa kubatizwa, waliitetea kwa hoja mbili: kwamba sheria ya Kiislamu ndivyo inavyotaka, na kwamba wanawake hao wakifunguliwa wataishia kwenye umalaya. Wapinga utumwa wa Uingereza walipiga kelele, lakini masuria walikaa miaka 12, mpaka amri ya 1909. Mwanamume aliyelima shamba aliweza kwenda kuomba uhuru wake, na mwanamke aliyelala ndani ya nyumba akaambiwa yeye ni kama mke. Kila nikilifikiria hilo moyo unanikaza. Wanaume wa dini mbili, ambao hawakukubaliana juu ya Mungu, walikubaliana juu yake, na neno "mke" ndilo lililotumika kumfungia.

Kwa hiyo nina swali, na nawauliza wachungaji kwa heshima. Leo sijui kanisa linalomwambia kibarua anayepigwa shambani avumilie kwa kuwa Petro alisema watumwa wawatii hata mabwana wakali. Mnasema, na mnasema kweli, kwamba mtume aliwaandikia watu waliokwisha kufungwa, wasio na mahakama wala pa kukimbilia, akawatia moyo wasife roho. Hakuuhalalisha mnyororo. Sasa kadhalika ile mmeipeleka wapi? Mstari wa mtumwa mmeusoma kwa zama zake, na mstari wa mke, uliofungwa kwake kwa neno hilo, mkaufanya amri ya milele.

Waefeso nayo ni vivyo hivyo. Sura ya 5, mstari wa 22, unajulikana hata na watu ambao hawajawahi kuishika Biblia. Lakini katika baadhi ya nakala kongwe kabisa za Kigiriki mstari huo hauna kitenzi chake wenyewe. Unaazima cha mstari wa 21, unaowataka waumini wote wanyenyekeane, kila mmoja kwa mwenziwe. Ukiukata wa 21, wa 22 hausimami. Na ukishuka hadi wa 25 mume anatakiwa ampende mkewe kama Kristo alivyolipenda kanisa hata akajitoa afe. Sijasikia mume aliyepigiwa simu usiku akaambiwa asome huo.

Wala sisi Waislamu tusikae tukitikisa vichwa. Nimekaa kwenye harusi nyingi nikasikia Suratun Nisaa, aya ya 34, ikinukuliwa kwa kisu, ikakatwa pale panapomfaa anayenukuu. Na Bibi Aisha ndiye aliyesimulia kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, hakuwahi kumpiga kwa mkono wake mwanamke wala mtumishi. Hadithi hiyo nimeisikia mara chache mno.

Wako Wakristo wanaosoma kwa namna nyingine, na jirani yangu hakuwahi kuambiwa habari zao. Mwaka 1982 Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki lilimweka Nyambura Njoroge kuwa mchungaji wake wa kwanza mwanamke. Mwaka 1990 Kanisa la Kilutheri la Tanzania liliamua wanawake waweze kuwa wachungaji. Mwaka 1989 Mercy Amba Oduyoye wa Ghana na wenzake walianzisha huko Accra umoja wa wanawake wa Afrika wanaoisoma Biblia kwa macho yao wenyewe. Kutoka Pietermaritzburg, kwenye kituo kinachoitwa Ujamaa, ilienea kampeni ya kusoma kanisani habari za Tamari, binti wa Daudi, zilizomo katika Samweli wa Pili, sura ya 13. Tamari alibakwa na Amnoni, ndugu yake kwa baba. Absalomu, kaka yake hasa, akamwambia anyamaze. Jirani yangu amekwenda kanisani tangu utotoni na hakuwahi kuisikia ikihubiriwa. Aliisoma usiku ule, mara mbili, kidole kibovu kikifuata mstari.

Mume anayepiga ana dhambi yake. Mchungaji anayemrudisha mwanamke kwa mume huyo na aya mkononi amefanya jambo ambalo mimi naliona zito zaidi, kwa sababu amemwondolea pa kumlilia. Mtu akipigwa na mumewe bado anaweza kusema, Mungu ananiona. Huyu ameambiwa Mungu yuko upande wa ngumi.

Sheria ya Ndoa ya 1971 ya Tanzania Bara, kifungu cha 66, haimpi mume wala mke haki ya kumpiga mwenziwe. Haivuki maji kuja huku, lakini Sheria ya Adhabu ya Zanzibar, Namba 6 ya 2018, inalihesabu shambulio kuwa kosa, awe aliyeshambulia ni mume au mpita njia. Na hospitali ya Chake Chake ina kituo cha Mkono kwa Mkono, ambapo daktari na polisi wanapatikana mahali pamoja. Nilimweleza haya. Hakujibu. Alimaliza fungu lake la karafuu, akakusanya makonyo yake kwenye kikapu, Biblia akaivingirisha ndani ya kanga.

Alipofika mlangoni akageuka, akaniuliza gari ya mwanzo ya Chake inapita saa ngapi.