MJI WA MWADUI NA UA WAKE

Wanachama wenzangu, katika kurasa hizi twapenda kujadiliana habari za mishahara na nyumba za kazini. Leo naomba tutazame mji mzima ulio nyumba ya kazini, nao ni Mwadui, katika wilaya ya Kishapu.

Mwaka 1940 Dr. John Williamson, Mkanada mjuzi wa miamba, alivumbua almasi pale. Mwamba wenyewe wapata hekta 146 usoni pa nchi. Mwaka 1947 likatoka jiwe la rangi ya waridi, karati 54.5, ambalo Williamson alimtunukia Binti Elizabeth wa Uingereza alipoolewa. Habari hiyo wengi waijua. Isiyosimuliwa sana ni habari ya mji: nyumba, hospitali, shule, uwanja wa ndege, na seng'enge kuvizunguka vyote. Mtumishi wa mgodi alikaa ndani. Asiye na kazi humo alikaa Maganzo, nje ya lango, akajijengea kibanda kwa fedha yake. Williamson alifariki mwaka 1958, na mwaka uo huo mgodi ukanunuliwa na kampuni ya De Beers pamoja na Serikali ya Tanganyika, nusu kwa nusu. Baadaye wenye mgodi walibadilika tena na tena, ua haukubadilika.

Basi almasi zikiisha, mji utakuwa wa nani? Wako wasemao swali hili lingoje siku yake. Mimi sikubali. Tazameni Geita: mgodi wa zamani ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mpya haukufunguliwa hata mwaka 2000. Dhahabu yaweza kukaa miaka 34 chini ya ardhi isiharibike. Paa la bati, bomba la maji na mwalimu haviwezi. Kule Buzwagi, karibu na Kahama, uzalishaji ulikoma mwaka 2021, na Serikali ikakusudia pawe mahali pa viwanda. Fikira hiyo ni njema, nami ningependa Mwadui ipate yake mapema, mishahara ingali ikilipwa.

Shimo na mitambo vibaki na walinzi wake, maana almasi ni ndogo na mifuko ya binadamu ni mingi. Bali shule na nyumba haziibiwi mfukoni. Viwanja vyake vipimwe, viandikwe katika daftari la wilaya, na aliyeishi humo miaka mingi apewe nafasi ya kwanza kununua. Maganzo nayo itiwe katika ramani ile ile, pamoja na vijiji ambavyo mashamba yake yalifunikwa na tope ukuta wa bwawa la mgodi ulipobomoka Novemba 2022.

Najua Halmashauri yaweza kuogopa kubebeshwa hospitali isiyo na fedha za kuiendesha. Hofu hiyo ni ya haki, na kwa ajili hiyo yapasa mgodi uweke akiba sasa, si mwaka wa kufunga. Wakati huo huo makarani wa ardhi wangeweza kuanza na orodha tu ya nyumba: namba yake, vyumba vyake, aliyemo, na tangu lini.